Kerezo Langu na Wema wa Wenzangu

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua imepiga hapa Bunia tangu asubuhi na njia ya mbele ya nyumba imekuwa uji. Nimenunua daftari hili kwa sababu mdomo wangu umenishinda. Kila nikitaka kusema jambo moja mbele ya watu, unafunga. Labda mkono utaweza.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu Arielle amepiga simu kutoka Butembo. Amenipatia chumba kando ya nyumba yake, kina umeme na mlango mpana wa kupitisha mashine. Mwenye nyumba anakubali kukishika mpaka Krismasi tu, baada ya hapo anampa mtengeneza simu.

"Kuya na mashine, Kahindo," alisema. "Pasipo mashine utakuya kufanya nini? Kunichungia batoto?"

Mashine ni kerezo, ile ya kuzungusha mti huku unauchonga kwa patasi mpaka unakuwa mguu wa meza, bakuli au kinara. Josaphat, bwana wangu, aliinunua Kampala kabla hatujaoana. Wanaume wengine huwapa wake zao mwiko. Yeye alinipa patasi, na mwaka wa pili nilikuwa nakereza kumpita. Alipokufa nilikaa mkekani, kitambaa kichwani. Siku ya kutoa matanga, papa Gérard, mwenyekiti wa chama chetu cha wakereza, alisimama mbele ya watu akasema: "Tunashukuru mama Kahindo kwa kuachia chama mashine ya marehemu, juu ya kusaidia masikini." Watu wakapiga makofi. Mimi nililia. Mjane akilia siku ile, nani atamwuliza analilia nini?

Tangu hapo mashine iko kwenye banda la chama nyuma ya parokia, na ufunguo uko mfukoni mwa papa Gérard. Mimi naingia kuifanyia kazi kama mgeni.

Keshokutwa kuna mkutano. Nitasema.

Jumatano, 11 Septemba

Sikusema.

Nilifika mapema, nikakaa mbele, nikajikohoza. Papa Gérard akaingia na mwanamke wa kambi ya wakimbizi, anaitwa Élise. Mguu mmoja aliuacha kwenye vita vya upande wa Bambu. Akamkalisha kwenye kiti mbele yetu sote, kama sanamu ya kanisani, na akatangaza mradi mpya: tutakereza magongo kwa walemavu wote wa kambi.

"Na ni mashine ya nani itafanya ile kazi?" aliuliza, mikono juu. "Ya mama Kahindo!"

Makofi. Sasa ningesimama niseme nini? Kwamba huyo mama mwenye mguu mmoja atafute kwingine, mimi naenda zangu? Pasaka tulikereza pia, zile za watoto kuzungusha, kwa ajili ya hospitali. Kabla ya hapo miiko ya yatima. Kila nikikusanya ujasiri, chama kinapata maskini mpya.

Yule Élise sikumpenda. Alikuwa amekaa kimya mno, uso umetulia, kana kwamba anajua kabisa kazi aliyoletwa kufanya.

Jumamosi, 14 Septemba

Salongo, kazi ya usafi ya pamoja, mtaa mzima. Tumezoa matope kutoka mferejini, mvua ikayarudisha.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemwona Abdoul, dereva wa lori anayekwenda Butembo kila msafara wenye askari ukiruhusiwa kupita. Ni mtu asiye na maneno mengi. Anaondoka tena mwisho wa Oktoba.

"Mashine iko na kilo ngapi?" aliuliza.

"Batu banne banaibeba."

"Basi iko na nafasi, nyuma ya maharagi. Lakini siwezi kungoja, mama. Musafara ikisema twende, ni twende."

Hesabu yangu ni rahisi. Nikimaliza magongo kabla ya Abdoul kuondoka, nitakuwa nimemaliza kazi, na mtu aliyemaliza kazi yake anaweza kuondoka akitazama watu machoni. Kwa hiyo nina haraka. Chama kizima kinashangaa bidii yangu, na papa Gérard ananisifu. Laiti angejua.

Ijumaa, 27 Septemba

Mbao kavu hakuna. Malori yanayozitoa msituni yamekwama kwenye tope upande wa Komanda. Kilichopo ni mikaratusi iliyokatwa juzi, bado inatoa maji ukiibonyeza kwa ukucha.

"Muti ni muti," anasema papa Gérard.

Muti si muti. Mkaratusi mbichi ukiukereza leo, wiki ijayo unapasuka wenyewe ukiwa umesimama ukutani. Unatakiwa ulale kivulini msimu mzima wa jua. Mimi sina msimu mzima. Nina mwezi mmoja na mvua kila siku.

Alhamisi, 3 Oktoba

Wazo limenijia, na naliandika kwa kujisifu kidogo. Jirani yangu Agathe anakausha kwa moshi samaki wanaotoka Tchomia. Tanuri lake halizimiki. Nimemwomba nipange miti yangu juu ya wavu wa samaki.

"Weye!" alicheka mpaka akakaa chini. "Nikukaushie ama nikupikie? Pilipili nitatia?"

Lakini amekubali. Agathe ana mdomo, roho hana mbaya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Miti imekauka! Nimeitoa, nyepesi, ukiigonga inalia vizuri. Nimekereza siku nzima. Mti mrefu ukizunguka hutetemeka katikati, lazima uushike kwa kipande cha ngozi, na ngozi ikipata moto banda lote linanuka samaki. Mbwa wa parokia wamejipanga mlangoni. Papa Gérard aliwafukuza mara mbili kwa ufagio, halafu akacheka, nami nikacheka. Nilisahau kwa muda kwamba namkasirikia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumegawa magongo kambini. Mtu wa redio alikuwepo. Papa Gérard amenishukuru mbele ya watu kwa zawadi ya mashine, watu wamepiga makofi, nimeinamisha kichwa. Hii ni mara ya ngapi sijui. Kila makofi ni msumari mmoja zaidi.

Élise alitembea na magongo mapya kutoka hema moja hadi lingine na paka akimfuata nyuma, ananusa. Akacheka. Ana mwanya. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

Abdoul anaondoka tarehe 28. Nimemwambia ndiyo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Gongo limevunjika.

Asubuhi Élise alikuwa kwenye foleni ya maji. Aliegemea ili ainue kidumu, gongo likakatika katikati, akaangukia mkono. Kifundo kimevunjika. Mtu mwenye mguu mmoja sasa ana mkono mmoja.

Waliniletea vipande vyote viwili bandani. Nilivitazama nikajua mara moja, sikuhitaji kuambiwa. Nje mti umekauka kama mfupa, ndani bado ni mbichi, na kati ya nje na ndani kuna nyufa ndogo ndogo, hazionekani ukiwa umepiga msasa. Moto wa Agathe ulifunga ngozi ya mti kabla maji ya ndani hayajatoka. Josaphat angeniambia. Hata mimi ningejiambia, kama nisingekuwa na haraka. Ilibidi twende hema kwa hema kukusanya magongo yote, na watu waliyatoa bila kelele, wamezoea kupewa na kunyang'anywa. Hilo liliniumiza kuliko kelele.

Jioni nilikwenda kumwona Élise. Alikuwa amelala, plasta mpaka kwenye kiwiko. Nilimpelekea uji na nilikuwa nimeandaa maneno ya pole. Hakuyangoja.

"Mama, unajua nilikuwa na magongo yangu?" aliniuliza. "Ya chuma. Ile siku ya mukutano yenu, papa Gérard aliniambia niyaache kwa hema. Eti nikikuya nayo, batu hawataona shida yangu. Kisha kupata ya mbao, ya chuma nikamupatia mwingine."

"Na ulikubali?"

"Ningesema nini? Kila chama inakuya na inaniomba nikae mbele. Nikikataa, banasema kambi yetu haina shukrani, na ni wenzangu ndio banakosa. Nilishachoka kukaa mbele, mama. Nilishachoka kabisa."

Nilikaa na bakuli mkononi. Mwanamke niliyemwona sanamu, kumbe alikuwa amekalia kiti kile kile nilichokalia mimi.

"Na weye," akasema, "juu ya nini ulikuwa na haraka? Baliniambia weye ndiye fundi. Fundi hakaushi muti na samaki."

Nikamwambia yote. Chumba cha Butembo, Abdoul, matanga, makofi. Ni mtu wa kwanza kumwambia, na ni mtu niliyemvunja mkono. Alisikiliza akitazama juu ya hema, pale mvua inapokusanyika na kufanya tumbo.

"Hakuna mutu alikuuliza kama ulitoa?"

"Hakuna."

"Hm," alisema. "Nipatie ule uji, usipoe."

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimesikia honi ya Abdoul ikipita. Sijaenda dirishani.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Banda limefungwa, papa Gérard ana homa na ufunguo anao yeye. Nimekaa nyumbani nikitazama mikono yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mbao kavu bado hakuna Bunia nzima, yaani hakuna ya kununua. Usiku niligeuka kitandani na kitanda hakikulia. Ni cha libuyu, Josaphat alikitengeneza tulipohamia mjini, mbao nzito nyekundu, zimekauka miaka yote hii chini ya miili yetu. Asubuhi nimekifungua. Zile mbao ndefu za ubavuni zinatosha magongo ya Élise na ya mwenzake mmoja. Nimelia nikifungua, halafu mchana nimelala chini kwenye godoro na nimelala vizuri, ajabu.

Alhamisi, 14 Novemba

Libuyu linakerezeka kama sabuni. Lilitoa maranda marefu mekundu mpaka yakafunika viatu vyangu. Vishikio vya mikono nimevifanya vinene kidogo kwa sababu ya kifundo cha Élise. Sikufanya haraka hata kidogo.

Jumamosi, 16 Novemba

Kosa langu ni kujibu nilipoulizwa mbao zimetoka wapi. Papa Gérard amekwenda redioni. "Mama Kahindo alitoa mashine, na sasa ametoa hata kitanda yake!" Sokoni leo muuza sombe, yaani kisamvu, amekataa kunitoza. Mwingine amenishika mkono na kuuweka kifuani pake. Nilitaka kung'ata mtu. Nimefanya jambo moja kwa hiari yangu, nalo wamelichukua wakaliongeza kwenye kamba inayonifunga.

Jumatano, 20 Novemba

Sasa wanaleta. Mmoja ameleta kitanda cha mama yake marehemu. Adolphe mwashi ameng'oa fremu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango sasa ni pazia. Padri ametoa benchi la kanisa. Banda limejaa mti mkavu, mzuri, na hakuna aliyelazimishwa. Nakereza kutoka asubuhi, na wote wanakuja kupiga msasa, wanaimba, wananiletea mandazi.

Ningependa wawe watu wabaya. Ningekuwa nimeondoka zamani.

Jumatano, 27 Novemba

Abdoul amerudi. Msafara wa mwisho kabla ya Krismasi ni Jumapili, tarehe 8. Arielle amepiga tena, mtengeneza simu amekuja kupima chumba kwa kamba. "Kahindo, sema sasa," ameniambia. "Hawatakula weye." Ni rahisi kwake, yeye alizaliwa akipiga kelele.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda nyumbani kwa papa Gérard nimwambie peke yake, uso kwa uso. Alifurahi kama amepata mgeni wa harusi. Alinipa kiti chake. Akaniambia kwamba tangu alipoacha kufundisha hakuna anayebisha hodi kwake isipokuwa mambo ya chama, na kwamba kila jioni anapita bandani kufuta vumbi kwenye mashine kwa shati kuukuu, kwa heshima ya Josaphat. Macho yalimlowa. Nikanywa chai yake yote, nikaomba njia ya kurudi.

Mlangoni alinishika bega. "Siku ya kugawa magongo, tuko na kitu ya kukupatia, mama. Usiulize."

Ijumaa, 6 Desemba

Magongo yote yamekwisha. Nimeyasimamisha ukutani. Nimeyagonga moja moja, nimeyaegemea kwa uzito wangu wote. Hakuna litakalovunjika.

Jumamosi, 7 Desemba

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Nilikuwa nimepatana na Abdoul alete lori kwenye geti la parokia saa nne, na watu watatu wa kubeba. Nilijiambia nitangoja magongo yagawiwe, kisha nitasimama niseme. Spana nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Niliingia bandani na kukuta viti vimepangwa na kitambaa cheupe. Kerezo lilikuwa limesogezwa katikati. Miguu yake yote minne ilikuwa ndani ya saruji mpya. Adolphe alikuwa akiilainisha kwa mwiko, na papa Gérard, ndani ya koti lake la Jumapili, alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, ana msumari mkononi, anaandika. Aliandika kwa herufi kubwa za mwalimu: JOSAPHAT. ZAWADI KWA MASIKINI.

Aliniinulia uso wa mtoto.

"Mama, sasa haitatetemeka tena. Na haitatoka hapa, hata siye wote tukufe."

Nikasema, "Aksanti, papa." Huo ndio mdomo wangu. Ningekuwa na kisu ningeukata.

Watu wakaja, wa chama, wa parokia, wa kambi. Mvua ikaanza juu ya bati. Nikakalishwa mbele. Papa Gérard akasimulia tena matanga, tena mashine, tena kitanda, na sasa akaonyesha saruji, na makofi yalikuwa makubwa kuliko siku zote. Niliangalia jina la bwana wangu sakafuni.

Kisha akamwita Élise atoe shukrani kwa niaba ya wote. Élise alikuja kwa magongo yake mekundu, plasta imetolewa wiki hii. Hakukaa kwenye kiti. Alibaki amesimama.

"Papa Gérard, magongo iko muzuri," alisema. "Aksanti. Weye uko mutu ya roho muzuri, kila mutu anajua. Miye niko na swali moya tu. Mulishamuuliza huyu mama kama alitoa ile mashine?"

Papa Gérard akacheka kidogo. "Lakini, mama Élise, si kila mutu—"

"Mumuulize."

Papa Gérard alinigeukia, na niliona usoni mwake kwamba hakuwa ameficha chochote miezi yote hii. Swali hilo halikuwahi kumjia. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine ambaye mdomo wake umemshinda.

"Mama Kahindo," akasema polepole. "Ulitoa?"

"Hapana, papa." Sauti ilitoka, ndogo, lakini ilitoka. "Sikutoa. Ile siku nililia tu. Mashine iko yangu, na kesho ninaenda nayo kwetu Butembo."

Hapakuwa na makofi. Mtu wa nyuma alisema watu wa kuja ni vile tu, wanakula na kuondoka. Mwingine alisema, na vilema je? Élise akainua gongo moja akamwonyesha ukutani, magongo yote yaliposimama. Mimi sikukaa.

Papa Gérard ndiye aliyekaa. Alikaa kwenye kile kiti cha Élise, mbele ya watu wote, mikono kati ya magoti. Alikuwa mzee ghafla. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ingekuwa imenishinda kama angelia. Hakulia. Akamwuliza Adolphe kuhusu saruji, bila kuniangalia:

"Ile sima ilishashika?"

Adolphe akachuchumaa, akachoma hapa na pale kwa ncha ya mwiko. "Nyuma imeshaanza kuwa nguvu. Tukifanya sasa, mashine inatoka. Tukingoja mpaka midi, saa sita, ni jiwe, utavunja miguu yake."

"Tuanzie wapi?"

Adolphe alikohoa. Alinitazama mimi, si papa Gérard. "Huku mbele. Ndiyo tulimwanga mwisho, ingali teketeke." Kisha akasema kile ambacho wote tulikuwa tumekwisha kuona. "Ni upande ya jina."

Abdoul alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Alikwenda kwenye lori akarudi na mtaimbo. Alipofika kwangu hakunipa, aliushika kifuani. "Mama," alisema, "nifanye miye? Weye utoke nje kidogo."

Ningeweza kutoka. Ningesimama chini ya mchirizi wa bati niwaachie wanaume, halafu waniletee mashine yangu imeoshwa, na nisingeona kitu. Ningeshukuru tena.

"Leta," nikamwambia.

Papa Gérard aliinuka. Alivua koti lake la Jumapili, akalitandaza juu ya mota ya kerezo ili saruji isiirukie, akaliingiza vizuri chini ya mkanda kama mtu anayefunika mtoto. Kisha akasogea pembeni kunipisha. Nilipiga magoti pale alipokuwa amepiga yeye, juu ya gunia lile lile. Saruji ilikuwa baridi, na herufi zilikuwa safi, kila moja imenyooka. Niliweka ncha ya mtaimbo kwenye J, nikasukuma kwa mwili wangu wote.